Kabla Hujatia Turbo Kubwa, Piga Hesabu Kwanza

Wiki hii naziweka siasa kando, nizungumze na vijana wetu wapenda magari, pamoja na wazazi ambao pesa zao ndizo huishia gereji.

Siku moja baada ya swala ya alasiri mpwa wangu alinijia barazani, uso umemshuka. Mkononi ana kitu alichokizonga kwa gazeti.

"Mjomba, hebu nitazamie hii."

Nikafungua. Ni pistoni, na ule ukingo unaotenganisha pete zake za juu umemeguka kipande.

"Ya silinda ya ngapi?" nikamuuliza.

"Ya nne."

Nikanyamaza. Mimi nina diploma ya ufundi wa magari na nimeshika spana miaka mingi kabla ya kushika kalamu. Nilijua kilichotokea kabla hajanisimulia.

Kijana ana Subaru Forester ya mwaka 2004, ile ya SG5, yenye injini ya EJ20 ya turbo na gia za mkono. Kutoka kiwandani Japani gari hilo lina nguvu za farasi 220. Kwa barabara zetu hizo ni nyingi. Lakini rafiki zake wana Impreza, na kila wakivuka daraja la Nyali usiku wao ndio mbele. Basi akachukua pesa alizodunduliza miaka miwili, akaenda kwa muuza spea mmoja, akauziwa turbo kubwa iliyofunguliwa kwenye Impreza STI. Ikafungwa siku hiyo hiyo. Pampu ya mafuta ni ile ile, injekta ni zile zile, kompyuta ya gari haikuguswa. Wiki tatu alifurahi. Wiki ya nne injini ikafa.

Hapo ndipo penye somo. Turbo ile haikuwa mbovu. Kilichomkosesha ni kuwa alinunua kitu kimoja katika vitu vinavyokwenda pamoja. Wazee wetu mabaharia walilijua hili. Huwezi kulitia jahazi tanga kubwa ukauacha mlingoti ule ule na kamba zile zile. Upepo ukishika, kamba hukatikia pabovu.

Tuanze na namna injini inavyofanya kazi. Nguvu hutoka kwenye mafuta yanayoungua, na mafuta hayaungui bila hewa. Gari likitembea polepole, injini huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ukikanyaga mpaka turbo ikashindilia, mafuta yanatakiwa yazidi, hewa iwe kama 11 au 12 kwa moja, kwa sababu yale mafuta ya ziada husaidia kupoza chumba cha moto. Turbo kubwa huingiza hewa zaidi. Kama injekta na pampu hazina uwezo wa kuleta mafuta ya kulingana na hewa hiyo, mchanganyiko hukauka, joto hupanda, na mafuta huanza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Mafundi wanasema injini inagonga. Ni kama kumpiga pistoni nyundo mara maelfu kwa dakika. Mwisho wake ni kile kipande nilichokishika barazani.

Kwa hiyo swali la kwanza si "turbo gani?" Swali la kwanza ni "nataka nguvu ngapi, na za nini?" Ukishataja nambari, mengine yote huhesabika.

Tuseme unataka farasi 300. Injini ya turbo hula kama paundi 0.6 za petroli kwa kila farasi mmoja kwa saa. Zidisha mara 300 upate paundi 180 kwa saa. Gawa kwa injekta nne, kila moja ilete paundi 45. Lakini injekta haifai kufanya kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, isije ikakwama wazi au ikapoteza kipimo. Gawa 45 kwa 0.8 upate paundi 56, ambazo ni kama sentimita 590 za ujazo kwa dakika. Hiyo ndiyo injekta yako. Ukiuziwa ndogo ya hapo kwa lengo hilo, umedanganywa.

Sasa pampu. Paundi 180 za petroli ni karibu lita 110 kwa saa. Usinunue pampu iliyoandikwa lita 110 ukadhani umemaliza. Kipimo kinachoandikwa huchukuliwa kwa presha fulani, na kadiri turbo inavyoshindilia ndivyo presha ya mafuta inavyopaswa kupanda, na pampu hutoa kidogo zaidi. Ndiyo maana wengi huchukua zile za lita 255 kwa saa, ili ibaki akiba.

Baada ya mafuta ndipo turbo. Kubwa kupita kiasi nayo ni hasara hata kama mafuta yanatosha. Turbo kubwa huchelewa kuamka. Katika foleni ya Changamwe, au kwenye matuta ya barabara ya Malindi, utakuwa unaendesha gari zito lisilo na nguvu. Kisha ghafla, katikati ya kulipita lori, nguvu zote zinakuja kwa pamoja. Gari la barabarani linataka turbo inayoamka mapema.

Kisha kuna joto letu. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Hewa ya mchana wa Mombasa, digrii 30, ikishindiliwa mpaka presha yake iwe maradufu, hutoka kwenye turbo imepita digrii 100. Kazi ya kuipoza ni ya intakula. Katika Forester hiyo intakula imekaa juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti, na inategemea upepo wa mwendo. Ukisimama kwenye foleni ya feri Likoni nusu saa, inageuka jiko. Mwenye kuongeza turbo bila kufikiria intakula anaingiza hewa ya moto kwenye injini, na hewa ya moto huleta kule kugonga tulikokutaja.

Mafuta yenyewe nayo yatazame. Magari haya yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake hufikia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Oktani ni uvumilivu wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati. Kwa hiyo mpangilio ulioundwa Japani, au uliochukuliwa kwenye mtandao, usiupakue ukautia gari lako hivi hivi.

Hapo tumefika kwenye kompyuta ya gari. Ukibadilisha turbo, injekta au hata njia ya hewa, kompyuta lazima ifundishwe upya na mtu anayejua, gari likiwa limefungwa kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Wengi wetu hupeleka magari Nairobi kwa kazi hiyo. Si vibaya, lakini kumbuka Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi na mara nyingi ni baridi. Gari lililopangwa kule likiteremka Mtito Andei mpaka Mombasa hukutana na hewa nzito na ya joto. Injini hujaa zaidi na kugonga kunakaribia. Mwambie fundi wako wazi kuwa gari litaishi pwani, na ukifika lipimwe tena kabla hujalikanyaga.

Nguvu ikishapatikana lazima ipite mahali. Klachi ya kiwandani itateleza. Giaboksi ya gia 5 ya Subaru inajulikana kwa kukatika meno ikibebeshwa mzigo na dereva mwenye mguu mzito. Na muhimu kuliko vyote ni breki. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kazi ya kulisimamisha ni mara nne ya lile linalokwenda 50, si mara mbili. Nimeona gari lina injini ya laki kadhaa, tairi zimekwisha na padi za breki ni za bei ya chini kuliko zote dukani. Huyo hajajenga gari, amejichimbia kaburi na kuwachimbia wenzake.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Mosi, pima afya ya injini uliyonayo: mgandamizo wa kila silinda, oili, rejeta. Injini iliyochoka usiitie nguvu, itengeneze kwanza. Pili, breki na tairi. Tatu, andika lengo lako la farasi. Nne, nunua pampu, injekta, turbo, intakula na klachi zinazolingana na lengo hilo, hata ikikuchukua mwaka kuvikusanya, na usifunge kimoja mpaka vyote viwepo. Tano, vikishafungwa kompyuta ipangwe kabla ya kukanyaga. Mwisho, ijulishe kampuni yako ya bima. Ukificha mabadiliko, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa. Na ukibadilisha injini nzima, NTSA wajulishwe ili kitabu cha gari kiendane na gari lenyewe.

Muuzaji akikuonyesha kitu kinang'aa, muulize neno moja tu: "Hiki kinataka nini kingine?" Akikujibu "hakitaki kitu, funga uende," mshukuru, utoke.

Mpwa wangu alinisikiza. Turbo kubwa ameiuza, injini imejengwa upya, turbo ya zamani imerudi mahali pake. Safari hii alianza na breki. Pampu ameshainunua, iko ndani ya boksi lake chini ya kitanda, inangoja wenzake. Juzi tulikwenda naye Kilifi. Impreza mbili zikatupita Mtwapa kwa kelele. Nikamtazama mguu wake. Haukusogea.

"Hesabu yangu bado haijatimia, Mjomba," akaniambia.

Nikamjibu, inshallah itatimia, na gari litakuwa zima.