Udi wa Marehemu Baba na Sayansi ya Vitu Visivyoonekana

Jioni ya Ijumaa nilipanda ngazi za jengo moja huko Nyayo Highrise, Nairobi, nikiwa nimeitiwa kazi isiyonipendeza hata kidogo. Dada yangu, akaaye ghorofa ya nne, alikuwa amenipigia simu Mombasa akaniambia: "Kaka, njoo uuchukue udi wa baba ukauuze. Mwanao anadaiwa karo ya mtihani, na mimi sina."

Udi ninaousema ni wa nyuzi, si wa kufukiza. Marehemu baba aliupiga maharusini miaka mingi, na alipofariki ulimwendea mjukuu wake, kwani ndiye pekee aliyekuwa na subira ya kukaa kitako naye akajifunza. Mimi nilijaribu wiki 2 nikaacha. Vidole vyangu ni vya kalamu.

Msomaji asiyeijua Nyayo Highrise asidhani ni mtaa wa matajiri. Ni magorofa yaliyopakana na Kibera, na jina la Nyayo ni kumbukumbu ya enzi za Rais Moi. Ukisimama roshanini unaona bahari ya mabati. Kibera yenyewe Wanubi waliiita Kibra, yaani msitu, walipopewa ardhi hiyo baada ya kutumikia jeshi la Mwingereza. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Upande wa Makina adhana husikika, na mtu wa pwani hujisikia hayuko ugenini sana. Siku ile maji yalikuwa hayakupanda juu, kwa hiyo nilimkuta mpwa wangu ngazini na mitungi 2, jasho likimtoka. Aliitua, akanishika mkono na kuubusu. "Shikamoo mjomba. Umekuja kuuchukua?"

Sikuwa na la kumjibu.

Kijana huyu anasoma diploma ya kemia katika chuo kimoja cha ufundi mjini, na Jumamosi hujifunza fidla na kusoma nota kwa mwalimu mmoja. Mama yake haoni haya mawili yanavyokaa chumba kimoja. "Kemia itamlisha," akasema tulipokwisha kula. "Huo muziki utamlisha nini? Na wako watu msikitini wanaoniuliza kama mwanangu amekuwa mpiga ngoma." Nilimkumbusha kwamba baba yetu alikuwa mpiga udi na swala haikumpita. Akanyamaza, lakini kunyamaza kwa dada yangu si kukubali.

Hapo kijana akauteremsha udi ukutani. Akapiga uzi mmoja, kisha akafinyanga nta ya mshumaa kama punje ya mtama, akaibandika katikati ya uzi uleule na kuupiga tena. Sauti ikashuka. Hata mimi niliyeshindwa na udi niliisikia. "Umeona, mjomba? Uzi umebeba mzigo, basi unatikisika polepole zaidi. Ukiwa na uzi mdogo kupita kiasi, waweza kupima mzigo mdogo kupita kiasi. Wataalamu hupima vijidudu namna hii."

Ndipo nikasikia habari ya nanoteknolojia, ambayo chuoni kwao ni sura moja tu ya kitabu, lakini yeye imemkaa moyoni. Ni ufundi wa kushughulika na vitu vya kipimo cha nanomita. Chukua mita moja uigawe mafungu bilioni 1. Fungu moja ndilo nanomita. Unywele wa kichwa una upana wa nanomita 80,000 hivi. Katika udogo huo, vitu tunavyovijua hubadilika tabia: dhahabu, kwa mfano, huacha kuwa ya manjano ikawa nyekundu.

Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, wataalamu walichonga gitaa la silikoni lenye ukubwa wa chembe ya damu, na kila uzi wake ulikuwa na upana wa nanomita 50. Mwaka 2003 wakapiga jingine kama hilo kwa mwali wa leza, maana kidole gani kingelifikia? Nyuzi zake zilitikisika mara milioni 40 kwa sekunde. Sikio la binadamu hukoma kwenye mara 20,000, basi muziki ule hakuna aliyeusikia. Dada yangu alicheka sana. "Gitaa lisilosikika! Hilo hata watu wa msikitini hawatalikataza."

Wala ndoa ya udi na elimu si ya jana. Al-Kindi wa Baghdad, karne ya 9, aliandika juu ya nyuzi za udi na pia juu ya utengenezaji wa manukato. Al-Farabi, aliyemfuata, aliandika kitabu kikubwa cha muziki naye ni mwanafalsafa. Na katika karne hiyohiyo ya 9, mafundi wa Iraq walikuwa wakipaka vyombo vya udongo rangi inayometa kama dhahabu. Wapimaji wa siku hizi wamekuta mng'aro ule unatokana na chembe za fedha na shaba za kipimo cha nanomita. Walikuwa na ufundi kabla ya kuwa na jina lake.

Dada hakusadiki kwamba mambo haya yanaweza kuleta mkate, mpaka mwanawe alipomtajia Mtanzania, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu. Yeye aliunganisha mchanga wa kuchujia na nanoteknolojia akapata chujio la maji. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Dada aliitazama ile mitungi 2 mlangoni, kisha akaniuliza mimi, si mwanawe: "Pauni moja ni shilingi ngapi?"

Usiku ule hatukukata shauri. Asubuhi, kabla ya chai, nilisikia udi unapigwa taratibu jikoni, na dada hakumkataza. Nilitoa nusu ya karo niliyokuwa nayo mfukoni. Nusu iliyobaki inatakiwa kabla ya mwezi kuisha, na bado hatujaipata. Yule mnunuzi wa Mombasa nimemwambia angoje, sikumwambia hapana. Lile blanketi nililochukua ili kuufungia udi nilijifunika mwenyewe ndani ya basi, kwani baridi ya Athi River usiku haina huruma kwa mtu wa pwani.