Kumkinga Mzee Asianguke Nyumbani

Imekita mizizi katika fikra za watu wengi dhana kwamba mzee akianguka ameangushwa na umri wake, na kwamba umri, kwa kuwa haurudi nyuma, hauna dawa. Dhana hiyo ina madhara makubwa, maana humfanya mwana mwenye mapenzi ya dhati kwa mzazi wake akae kitako akingojea msiba ambao aghalabu ungaliweza kuzuiwa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwa mojawapo, na kwamba wenye umri wa miaka zaidi ya 60 ndio wanaofishwa na ajali hizi kuliko watu wa rika nyingine.

Mwanadamu husimama wima kwa habari ambazo ubongo wake hupokea kutoka mahali patatu: macho, sikio la ndani, na mishipa ya fahamu iliyo katika nyayo na viungo. Ukongwe na maradhi huzipunguza habari hizo kidogo kidogo. Mtoto wa jicho hufunika nuru, kisukari cha miaka mingi hutia nyayo ganzi, na misuli ya mapaja hunywea, hata mtu aliyejikwaa akawa hana nguvu ya kujizuia. Tena zipo dawa za usingizi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, ambazo humtia mtu kizunguzungu anapoinuka ghafula kitandani. Walakini mzee mwenye upungufu huo wote aweza kuishi miaka mingi bila ya kuanguka, ikiwa maskani yake hayamdai zaidi ya uwezo wake. Ajali hutokea pale udhaifu wa mwili unapokutana na hatari ya nyumba, na katika mawili hayo, la nyumba ndilo lililo sahali zaidi kurekebishwa.

Hapa ndipo hali ya Thika na Ruiru inapotaka kutazamwa kwa makini. Katika miji hii, iliyotanuka kando ya barabara kuu itokayo Nairobi, mashamba ya kahawa yamegeuka mitaa ya nyumba za kupanga, na ghorofa za orofa nne au tano zisizo na lifti zimekuwa jambo la kawaida. Mzazi aliyeishi maisha yake yote Murang'a au Nyandarua, katika nyumba ya chini ambayo kila pembe yake aliijua hata gizani, huletwa mjini ili awe karibu na hospitali au awatunze wajukuu, naye hujikuta juu ya sakafu ya vigae vyororo, mbele ya ngazi ambazo vipandio vyake havilingani kimo. Choo na bafu huwa chumba kimoja chembamba, kiasi kwamba aogapo mmoja, anayefuata hukanyaga maji na sabuni. Kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, mitungi na ndoo hupangwa ushorobani. Na umeme ukikatika usiku, ushoroba huo huwa mtego. Kwa upande wa pili, katika mitaa ya kimaskini kama Kiandutu, mzee hulazimika kutoka nje usiku kukiendea choo, akipita juu ya matope na mitaro iliyo wazi.

Marekebisho yaanze msalani, mahali penye maji na pa kuinama na kuinuka. Vyuma viwili vya kushikia, kimoja kando ya choo na kingine mahali pa kuogea, vyenye unene wa sentimita 3 hadi 4 ili kiganja kivikamate barabara, vitamfaa mzee kuliko mkono wa mjukuu asiyekuwapo. Fundi avifunge kwa skrubu ndefu ziingiazo ndani ya jiwe lenyewe, kwa maana kuta nyingi za huku ni za mawe ya Ndarugo, yawezayo kubeba uzito. Chuma kilichoshikilia kigae peke yake kitang'oka siku kitakapohitajiwa. Chini utandikwe mkeka wa mpira usioteleza, na anayeoga aketi juu ya kiti imara. Mahali penye choo cha kuchuchumaa, seremala aweza kuunda kiti chenye tundu, cha kimo cha sentimita 45 au zaidi kidogo, magoti yasiteswe.

Ngazini pawe na reli ya kushikia pande zote mbili, na ukingo wa kila kipandio upakwe rangi inayong'aa, ili jicho dhaifu litambue mwisho wake. Chumbani, zulia lililojikunja na waya zilizotambaa ziondolewe, taa au tochi iwe karibu na mkono, na kitanda kiwe cha kimo kitakachoruhusu nyayo kugusa sakafu. Mzee aamkapo usiku akae kwanza ukingoni kwa dakika moja au mbili, damu ipate kutulia, ndipo ainuke. Na miguuni avae viatu vilivyofunga kisigino badala ya malapa. Kwa atumiaye kiti cha magurudumu, njia ya mteremko isiwe ya wima: kila sentimita 15 za kimo zapaswa kupewa sentimita 180 za urefu.

Mambo haya yamepimwa. Mapitio ya tafiti za afya yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba kuondoa hatari za nyumbani hupunguza kuanguka kwa asilimia 26 hivi, na kwa watu walio hatarini zaidi, kama waliokwisha kuanguka mwaka uliopita, kwa asilimia 38. Mapitio mengine ya mwaka 2019 yalikuta kwamba mazoezi ya mwili kwa jumla, kama vile kuinuka kitini mara kadhaa mtu akiwa karibu na meza ya kushikia, hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Kwa hiyo, kumzuilia mzee kitini kutwa kwa hofu ya ajali si kumkinga hata kidogo, kwa sababu misuli isiyotumika hudhoofika, na udhaifu huo huikaribisha ile ile ajali iliyoogopwa. Aidha kila kuanguka, hata kusikoacha jeraha, kuripotiwe kwa daktari ili macho na dawa vichunguzwe. Na aliyeanguka akashindwa kusimama, mguu ukaonekana umefupika na kupinda nje, asiinuliwe kwa pupa, kwa kuwa huenda nyonga imevunjika. Na apelekwe hospitali bila kukawia.

Limebaki suala la nani alipe. Mpangaji hana idhini ya kutoboa ukuta usio wake, na mzee mwenye miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee, hawezi kuambiwa arekebishe ngazi kwa fedha hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yatoa, katika kifungu cha 54, haki ya mtu mwenye ulemavu kufika mahali pote bila kizuizi kisicho cha lazima, na katika kifungu cha 57, haki ya mzee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zake na Serikali. Mji wa Thika, wenye Shule ya Vipofu iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na shule ya Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo, haukosi ushahidi kwamba mahali pakitengenezwa kumfaa mtu, upungufu wa mwili haumnyimi nafasi yake katika jamii.

Basi mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi na aweke reli ngazini na taa ushorobani, na ampe mpangaji idhini ya kufunga vyuma msalani. Na wakaguzi wa majengo wa Kaunti ya Kiambu, ambamo miji hii imo, wadai reli na vipandio vilivyolingana kabla jengo halijapokea mtu. Wana nao wasingoje sheria: kuondoa mitungi njiani, kukunja zulia na kuweka tochi kando ya kitanda ni kazi ya jioni moja isiyogharimu chochote kikubwa, na mzazi aliyewafundisha kutembea ana haki ya kutendewa hayo leo, kabla hajaanguka.