Kimondo cha Mbozi na Motokaa za Pwani

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma, akiiacha kidogo barabara kuu katika Wilaya ya Mbozi, ataona donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito upitao tani 10, limelala peupe. Hicho ndicho kimondo cha Mbozi, kilichoanguka kutoka mbinguni zamani sana, na wataalamu wakakitambua mwaka wa 1930. Sehemu 9 katika 10 za mwili wake ni chuma. Mvua zisizohesabika zimekinyea, na bado kipo.

Sasa na ashuke msafiri huyo mpaka Dar es Salaam au Tanga, apite nyuma ya maghala na katika nyua za maofisi. Ataona Land Rover, Peugeot 404 na malori ya Bedford yaliyosimama tangu siku ilipokosekana spea moja. Milango imetoboka kama chekecheke na sakafu imeanguka. Vyote viwili ni chuma. Mbona kimoja kidumu na kingine kife upesi hivi?

Kimondo ni kinene, tena kina nikeli ndani yake. Bodi ya motokaa ni bati jembamba tu. Lakini hiyo si habari yote, kwani iko hewa. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vikutanapo. Chumvi huvuta unyevu na kuushika hata siku isiyo na mvua, kisha huyafanya maji hayo yapitishe ule umeme mdogo ulao chuma. Kaskazi na kusi huileta kutoka baharini, nayo huingia ndani ya chasisi na chini ya milango, mahali asipofika mwenye kitambaa. Ndiyo maana motokaa ya pwani yaweza kung'aa rangi, kumbe mifupa imekwisha.

Wengi hudhani Land Rover imesalimika, kwa kuwa bodi yake ni ya alumini tangu Waingereza walipoiunda mwaka wa 1948, chuma kilipokuwa haba baada ya vita. Ni kweli nusu tu. Chasisi yake ni chuma, na pale alumini igusanapo na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo iliwayo, ikawa unga mweupe.

Jambo hili lawahusu watu wa Tunduma kuliko wadhaniavyo. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia, haikupita miezi miwili njia ya mafuta ya Zambia ikakatika. Mafuta yakapandishwa kwa mapipa juu ya malori, kutoka bandari ya Dar es Salaam hata Tunduma, zaidi ya kilomita 900, sehemu kubwa ikiwa barabara ya udongo. Na malori yakarudi na shaba. Ilipewa jina la Njia ya Jehanamu, na wako madereva ambao hawakurudi kwao. Bomba la mafuta lilipofika Ndola mwaka wa 1968, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka wa 1976, mzigo ule ukapungua. Malori hayana malipo ya uzeeni. Lizeekealo pwani huliwa na chumvi. Lizeekealo bara huuzwa kwa kilo, likayeyushwa.

Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yametunza motokaa za wakubwa, ikiwamo Rolls-Royce ya magavana ambayo baadaye ilimchukua Mwalimu Nyerere. Ni vyema. Lakini shaba haikubebwa na Rolls-Royce. Ilibebwa na dereva na utingo wake, na lori lao lastahili paa vilevile.

Paa hilo lafaa liwe Tunduma, mlangoni pa Zambia, juu nyandani ambako upepo wa bahari haufiki. (Chumvi ya Songwe yenyewe iko Ivuna, mbali bondeni kwa Rukwa.) Gharama si kubwa. Lori liinuliwe juu ya magogo, matundu ya kutolea maji yazibuliwe, uvungu upakwe mafuta machafu. Turubai la nailoni lisifunikwe juu yake, maana hufungia jasho. Na kabla ya yote lioshwe kwa maji baridi, ndani na nje, hasa uvunguni, kwa kuwa chumvi ikifunikwa na rangi huendelea na kazi yake gizani.