Kikuukuu cha Berlin ni funzo

Wapo wadaio kwamba mitambo ya kuharakisha chembe za atomu ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Mwaka 1999 Ujerumani iliuzima mtambo wa BESSY I, Berlin. Haikuutupa, iliutoa kwa Mashariki ya Kati. Sehemu zake zikaunganishwa na duara jipya huko Jordan, na mwaka 2017 kituo cha SESAME kikafunguliwa. Iran na Israeli, mahasimu wakubwa, ni wanachama wote wawili. Mwanga wake mkali huonyesha maumbo ya protini, msingi wa kutafutia dawa. Afrika nzima haina mtambo kama huo.

Hapa Kawangware 56, fundi wa jua kali hufufua mashine kuukuu. Serikali za Afrika Mashariki zangoja nini kuchanga? Mwanafunzi wetu asiujue mwanga huo kwa mchoro wa ubaoni tu.