Bingwa wa Gitaa na Nafasi Yake Katika Bendi

Mtu aliyezaliwa Kagondo, iwe ile ya Bukoba au ile ya Muleba, akiulizwa kama bingwa wa gitaa aweza kukaa vyema ndani ya bendi ya roki ya zamani, atakuwa na haki ya kusitasita kabla ya kujibu, maana katika nchi ya Wahaya ustadi wa nyuzi umezoeleka kuonekana mikononi mwa mtu mmoja. Enanga, ubao uliofukuliwa mvungu na kutandikwa nyuzi saba au nane, hupigwa na fanani ambaye papo hapo ndiye mwimbaji, ndiye msimulizi, na ndiye mwenye amri juu ya mwendo wa utungo. Na tendi za ala hiyo, kama ule wa Kachwenyanja, ambazo Profesa M. M. Mulokozi alizitafiti kwa subira kubwa hata akazitungia tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1986, ziliimbwa mbele ya Abakama, yaani wafalme wa Wahaya, na katika mabaraza ya watu bila ya fanani huyo kuhitaji msaidizi. Akipenda kurefusha, hurefusha. Akipenda kunyamaza, hunyamaza. Wala hana mwenzi wa kumtaka idhini.

Bendi ni mamlaka ya namna nyingine kabisa. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, kadhalika katika roki ya Waingereza na Wamarekani, kazi ya nyuzi imegawanywa: gitaa la besi hushika msingi pamoja na ngoma, gitaa la rithimu hukariri mafungu ya sauti yanayoufanya wimbo utambulikane ni upi, na gitaa la solo hupita juu ya hayo, sauti mojamoja, mara nyingi katika nyuzi nyembamba. Msikilizaji humsifu mpiga solo kwa sababu ndiye anayesikika waziwazi. Lakini rithimu ikinyamazishwa ghafla, solo ileile iliyokuwa ikiwainua watu vitini hubaki mbio za vidole zisizojulikana ziendako. Omari Shabani wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978, alipata heshima ya kuitwa profesa kwa kupiga rithimu, na mimi nasadiki kwamba hakuna cheo cha muziki wa Afrika Mashariki kilichotolewa kwa insafu zaidi.

Kwa hiyo swali letu halihusu tabia ya bingwa, kwamba ni mnyenyekevu au ni mwenye kiburi, kama watu wapendavyo kulisema. Linahusu jinsi wimbo ulivyojengwa: je, umemwekea mahali ambapo wingi wa elimu yake ni haja ya wimbo, si ziada?

Tazama bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, na ambayo mpiga gitaa wake, Brian May, ni miongoni mwa mabingwa wasio na shaka wa chombo hicho. May na baba yake walianza mwaka 1963 kuliunda gitaa lake kwa mikono yao, shingo yake wakiitoa katika mbao kuukuu za meko ya nyumba, na ndilo alilolitumia zaidi katika maisha yake yote ya bendi. Mtu aliyejichongea ala yake mwenyewe angetazamiwa kudai kusikika kila dakika. Lakini mwaka 1977 alipotunga “We Will Rock You”, aliujenga karibu wimbo mzima kwa vishindo vya miguu, makofi na sauti za watu, na gitaa lake akalizuia mpaka mwisho, ambapo huingia kwa nguvu na kuufunga wimbo. Katika “Bohemian Rhapsody” ya mwaka 1975, iliyotungwa na Mercury na inayokaribia dakika sita, solo yake ni fupi mno. Hata hivyo inaanza pale mwimbaji anapoishia, na kuyapokea maneno yake kwa lahani mpya, kana kwamba mwimbaji wa pili amesimama. Tena katika studio alikuwa na desturi ya kurekodi gitaa juu ya gitaa, mpaka magitaa yakawa kwaya inayojibizana na kwaya ya wanadamu. Huo ni ustadi ulioshiba, na haukumpunguzia mtu yeyote nafasi yake.

Mfano ulio kinyume ni bendi ya Cream, iliyoundwa mwaka 1966: Eric Clapton kwa gitaa, Jack Bruce kwa besi, Ginger Baker kwa ngoma, watatu wote mabingwa, na wote wakipiga solo kwa wakati mmoja. Mwaka 1968 walikwisha tawanyika. Na Kongo ya Dokta Nico Kasanda, ambaye vidole vyake vilisikika katika santuri za bendi ya African Jazz ya Kabasele, ilijua habari hiyo vilevile. Mwaka 1963 Nico na mwimbaji Tabu Ley waliondoka kuunda African Fiesta, na baada ya miaka michache hao nao wakaachana.

Kwetu, muziki wa dansi uligundua dawa yake. Wimbo hugawanywa pande mbili: kwanza sehemu ya taratibu, yenye maneno na mawaidha, ambamo solo hujibu tu, kisha chemko, ambapo waimbaji hurudi nyuma na gitaa hupewa uwanja. Said Mabera, mpiga solo wa NUTA Jazz, ambayo baadaye ilibadili majina pamoja na chama cha wafanyakazi ikawa JUWATA, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma, aliutumikia mpango huo tangu miaka ya 1970, akaona waimbaji wakija na kuondoka, na bado bendi ikatambulika kwa mkung'uto wake. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na mishahara pia ilitoka huko. Jambo hilo nalo lilisaidia, kwani bingwa asiyemiliki bendi hana haja ya kuigeuza kivuli chake.

Mbaraka Mwinshehe alishika njia nyingine. Ndani ya Morogoro Jazz, waliokwenda naye Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, yaani karibu sawa na fanani wa enanga aliyewekwa katikati ya bendi. Mwaka 1973 akajitenga na kuanzisha Super Volcano. Ajali ya gari ilipomuua Mombasa mwezi Januari 1979, bendi ile haikupata wa kuishika, maana wimbo, sauti na gitaa vilikuwa vimeondoka katika jeneza moja. Sithubutu kusema kwamba alikosea. Nyimbo zake zingali zinapigwa redioni. Lakini kijana wa Kagondo ashikaye gitaa leo katika kwaya ya kanisa au bendi ya harusi, akiwa na vidole vyepesi kuliko vya wenzake, ningemwomba aanze kwa mwaka mzima wa rithimu, nyuma ya mwimbaji, kabla hajaiomba chemko.