SOMO LA REDIO: AMRI NA GHALA LA VIGEZO

Somo letu la leo lahusu kompyuta. Shikeni kalamu, tuende polepole.

PHP ni lugha ya kuandikia programu. Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995. Mwaka 2005, huko Ufaransa, Fabien Potencier alitoa Symfony, iliyojengwa kwa lugha hiyo. Symfony ni kiunzi, yaani nguzo na fito zilizokwisha kusimamishwa. Kazi yako ni kukandika na kuezeka.

Sasa sikilizeni. Tuseme ofisi ina amri ya kompyuta ipelekayo hati za madai kila usiku. Amri hiyo yahitaji anwani ya mpokeaji. Je, anwani iandikwe wapi?

Wengine huiandika ndani ya amri yenyewe. Hilo si jema. Anwani ikibadilika, itawabidi kuitafuta kila mahali. Mahali pamoja tu pakisahauliwa, hati za watu zitamfikia asiyehusika.

Iwekeni katika faili la services.yaml, hivi:

parameters:
    app.anwani: 'karani@example.com'

Hicho huitwa kigezo. Vigezo vyote hukaa pamoja, kama mali ghalani. Basi, amri itakipataje?

Zamani klasi ya amri iliweza kurithi ContainerAwareCommand, ikaingia ghalani yenyewe na kusema:

$this->getContainer()->getParameter('app.anwani')

Njia hiyo iliondolewa katika Symfony 5.0, mwaka 2019. Kwa nini? Kwa sababu aingiaye ghalani apendavyo, ni vigumu kujua anategemea nini.

Siku hizi amri hupewa haki yake mlangoni. Mlango huo ni konstrakta, sehemu itendayo kwanza klasi inapoumbwa. Andikeni:

public function __construct(
    #[Autowire('%app.anwani%')]
    private string $anwani,
) {
    parent::__construct();
}

Juu ya faili wekeni mstari huu:

use Symfony\Component\DependencyInjection\Attribute\Autowire;

Alama mbili za asilimia zasema kwamba hilo ni jina la kigezo, wala si anwani yenyewe. Nayo parent::__construct() msiisahau, maana bila hiyo amri itakataa kufanya kazi. Baada ya hapo, ndani ya amri, $this->anwani itawapa anwani.

Kuhakikisha, andikeni:

php bin/console debug:container --parameter=app.anwani

Onyo moja. Neno la siri lisiwekwe katika faili hilo, maana kila apewaye nakala ya programu atalisoma. Liwekwe nje, katika mazingira ya mashine iendeshayo programu.

Swali la kujibu nyumbani: Amri tano zikitumia kigezo kimoja, na anwani ikabadilika, mtasahihisha mistari mingapi? Andikeni jibu na sababu yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.