Je, Wajua? Unga wa Kizimamoto Haupozi Kitu

Wengi wanaotundika mtungi mwekundu ukutani wanaamini kwamba kilichomo ndani hupoza moto. Mtungi wa kawaida madukani ni wa unga mkavu, na unga huo haupozi karibu chochote. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Unga wenyewe ni fosfati ya amonia iliyosagwa laini, na husukumwa nje na gesi ya nitrojeni. Mwali wa moto hudumu kwa sababu chembe zinazoungua huwasha nyingine mfululizo. Unga ukipenya kati yazo, mfululizo hukatika na mwali huzimika papo hapo. Kwenye mbao, nguo au godoro, unga hufanya la ziada: ukifikia takriban nyuzi 190 za Selsiasi huyeyuka, ukatanda juu ya kaa kama utando juu ya maziwa, na hewa haipenyi tena.

Kwa kuwa haupozi, mafuta ya kukaangia huushinda. Mwali huzimika, lakini mafuta yangali moto mno, na unga ukishatulia yanaweza kuwaka upya. Jikoni nyumbani, zima jiko, funika sufuria, usiiguse mpaka ipoe. Mkahawa wa chipsi unahitaji mtungi wenye herufi F: maji yake ya chumvi za potasiamu hugeuza uso wa mafuta kuwa povu la sabuni.

Herufi nazo zina mtego. Kwenye mitungi ya Ulaya, A ni vitu vikavu, B ni vimiminika kama petroli, C ni gesi. Kwenye ya Marekani, C ni umeme. Basi tazama picha zilizochorwa kwenye mtungi, usitegemee herufi peke yake.

Pale Mwakiro, nchini Burundi, na Muyinga yote hadi mpaka wa Kobero, hatari ninayoiogopa zaidi ni bidoni za petroli. Uhaba wa mafuta wa miaka hii umewafanya watu kuyaficha chini ya vitanda na nyuma ya maduka. Ukimwagia maji petroli inayowaka, huelea juu yake na kusambaa. Hapo unga wa ABC ndio wenyewe, na uwe wa kilo 6: hata huo huisha kabla ya nusu dakika, sembuse wa kilo 1. Lenga chini ya mwali, si juu.

Linaloniudhi zaidi ni mazoea ya kubonyeza mtungi kidogo "kuujaribu". Chembe za unga hukwama kwenye vali, isifunge sawasawa, na nitrojeni huvuja polepole. Baada ya muda mshale wa geji umelala, na mwenye duka hana habari. Mtungi uliobonyezwa, hata mara moja, ukajazwe upya. Usikubali kuuziwa na mtu asiyejua utajaziwa wapi; huo ni upotevu wa pesa.

Kwa mengineyo, kwa haraka: kwa kompyuta na mitambo ya umeme, gesi ya kabonidayoksaidi, ambayo mtungi wake hauna geji bali hupimwa kwa uzito; kwa ghala la nafaka mbali na umeme, maji; kwa gari, unga wa kilo 2; kwa moto wa betri ya lithiamu, toka nje uite msaada.

Mwaka 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Tarehe 7 Desemba 2021 moto uliua watu 38 katika gereza la Gitega, na Wizara ya Mambo ya Ndani ikataja hitilafu ya umeme. Hata hivyo, maduka mangapi bado yana mtungi uliozikwa nyuma ya magunia ya mchele, ulionunuliwa ili mkaguzi auone? Leo hii utoe, usome geji na tarehe, uutundike karibu na mlango, kisha mwonyeshe kila anayelala au kufanya kazi hapo jinsi pini inavyochomolewa.